Zamu ya Mtani

Nachingwea imewahi kuchekwa na watu ambao wasingeweza kuionyesha kwenye ramani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Vita vilikuwa vimewaachia uhaba wa mafuta ya kula, wakapiga hesabu kwamba mapori yetu yatawakaangia samaki. Matrekta yakaletwa, bandari ikajengwa Mtwara, reli ikavutwa hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ulifungwa ukiwa umeteketeza pauni zipatazo milioni 36. Kule London karanga za Tanganyika zikageuka silaha ya wanasiasa: ukitaka kumdhihaki waziri aliyefuja fedha, unamtajia karanga, basi. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya mwanzo ya Uhuru.

Aliyekusudiwa na mzaha ule ni waziri wao, si sisi. Hata hivyo pori lililotajwa lilikuwa letu, na sijasikia mzee yeyote wa Kimwera aliyeulizwa kwa upande wake kilichochekesha ni nini. Bibi yangu anayeishi Ruangwa ana jibu, na hulitoa bila kuombwa kila anapomenya karanga: "Walikuja na mashine za kung'oa miti. Hawakuja na mtu wa kuuliza huku mvua inanyesha lini." Kichekesho hicho hakikufika London.

Nilipoombwa kuonekana kwenye filamu ya makala kuhusu vichekesho vya jukwaani, sikuwa na hofu ya kushindwa kuchekesha. Kuchekesha ndiko kunakolipa ada za wanangu. Mimi ni mshereheshaji: harusi, kipaimara, mahafali, sherehe za vikoba, ukiniita nakuja na maiki yangu mwenyewe. Nimezaliwa Ruangwa, nimeolewa Nachingwea, kwa hiyo miji yote miwili naisema vibaya kwa haki. Nilichohofia ni kukosa kile alichokosa bibi: zamu ya kujibu.

Huku kwetu mzaha una utaratibu wake. Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo mjomba ni mtu mzito. Mjomba hataniwi. Mkwe hataniwi. Binamu, huyo mpasue utakavyo. Babu humwita mjukuu wake mchumba, na mjukuu humwambia babu kwamba meno yamekwisha atafute wa rika lake. Kuna watani wa ukoo na watani wa kabila, na hawa hata msibani wana kazi: wakati wafiwa wameinamisha vichwa, mtani anaingia, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anakamata sufuria la wali na kukataa kuliachia mpaka apewe chochote. Mgeni akiona anaweza kudhani ni mwendawazimu. Mfiwa anajua kwamba siku ya msiba wa yule, yeye ndiye atakayeshika sufuria.

Wasomi waliliandika jambo hili zamani. Mwaka 1940 A. R. Radcliffe-Brown alichapisha makala iliyopata umaarufu, akaueleza utani kuwa ni uhusiano ambamo mtu anaruhusiwa kumkejeli mwenzake, naye mwenzake hatakiwi kukasirika. Mwaka 1944 R. E. Moreau, anayejulikana zaidi kwa kuchunguza ndege kule Amani, Usambara, aliandika kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika. Nawaheshimu wote wawili. Ila mtu aliyelelewa ndani ya utani angewaongezea sentensi moja: anayetaniwa hakasiriki kwa sababu anajua zamu yake inakuja.

Waliokuja kunirekodi walikuwa vijana watatu kutoka Dar es Salaam: mwongozaji, mpiga picha na fundi sauti. Walikuwa wamekiona kipande cha harusi moja kilichozunguka kwenye simu za watu. Filamu yao ilitaka kuonyesha Tanzania ilivyohama kutoka vichekesho vya kuigiza hadi mtu mmoja kusimama na maiki. Safari hiyo naijua, maana nimekua nayo. Wazazi wangu walicheka na Pwagu na Pwaguzi kupitia Redio Tanzania. Mimi nilicheka na King Majuto wa Tanga, ambaye alichekesha hata kwa namna ya kukaa kwenye kiti. Kisha wakaja Ze Comedy pale EATV, baadaye Orijino Komedi huko TBC, na Joti akavaa ubibi na utoto mpaka tukasahau sura yake halisi. Kenya, Redykyulass walikuwa wameshathubutu kumwigiza Rais Moi miaka ya 1990, na baada yao Churchill akawapa vijana wengi jukwaa la kusimama peke yao. Dar es Salaam ikapata Cheka Tu ya Coy Mzungu. Mchekeshaji akavua wigi na kitambi cha matambara, akabaki na mdomo wake na maisha yake.

Hapo ndipo jambo linapobadilika. Bibi wa kuigiza hana ndugu. Ukimtukana, hakuna atakayekuja kukuuliza. Lakini anayesimama jukwaani kwa jina lake anaeleza habari za mama yake, mume wake, jirani yake, na hao wote wapo, wana simu, na Jumamosi mtakutana mnadani.

Kabla ya kamera ilikuja karatasi. Ilikuwa fomu ya ridhaa, yenye maneno kwamba picha na sauti yangu zitatumika popote, wakati wowote, kwa namna yoyote. Wasanii wengi husaini fomu za aina hii huku wakitazama saa. Mimi nilimkumbuka King Majuto. Mwaka 2018, mzee akiwa mgonjwa, mikataba yake ya matangazo ya biashara ilikuwa gumzo la taifa, hata waziri mwenye dhamana, Dk. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Agosti 8 mwaka huohuo mzee akatutoka. Mtu aliyechekesha nchi nzima alihitaji kamati ili karatasi zake zisomwe upya.

Nikaikumbuka pia filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyotoka mwaka 2004 na kufika hadi kwenye orodha ya wanaowania tuzo za Oscar. Ilipigwa Mwanza, ikihusu minofu ya sangara, ndege za mizigo na umaskini wa kando ya ziwa. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikosoa hadharani. Wapo waliomuunga mkono na wapo waliosema filamu imesema kweli, na ubishi ule ulikuwa mkubwa. Mimi nilitazama kitu kingine: Rais alikuwa na jukwaa la kujibu, na mwongozaji alikuwa na magazeti ya Ulaya. Mlinzi, wavuvi na akina dada walioonekana ndani ya filamu hawakuwa na chochote. Walikuwa wamekwisha kusema, na waliyosema yalikuwa yamekwisha kukatwa na kupangwa.

Basi nikachukua kalamu, nikaongeza mambo mawili kwenye fomu: nitaona sehemu yangu kabla haijatoka, na mambo ya unyago hayatarekodiwa. Mwongozaji akasoma, akakuna kichwa, akasaini. Kibali cha Bodi ya Filamu walikuwa nacho, maana sheria ya mwaka 1976 inakitaka, na mtendaji wa kata alikisoma mbele na nyuma, ingawa nyuma hakukuwa na maandishi.

Siku ya kurekodi Nachingwea tulipata ukumbi wa harusi. Mpiga picha alipanga watu kwa macho yake ya kazi: huyu kanga yake inang'aa, aje mbele, huyu shati lake jeupe linaakisi taa, arudi nyuma. Nilipopanda jukwaani nikajikuta natazamana uso kwa uso na mama mkwe wangu, ameketi safu ya kwanza katikati, kwa sababu uso wake unapokea mwanga vizuri. Na sehemu kubwa ya vichekesho vyangu inamhusu mwanawe.

Nikasimama. Watu wakaelewa kabla ya mwongozaji, minong'ono ikaanza. Mama mwenyewe ndiye aliyeniokoa. Aliinuka taratibu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwanangu, mimi masikio yangu yanasikia vizuri nikiwa nyuma," akaenda kukaa karibu na mlango. Kutoka kule alicheka akiwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga, na kila nilipomtaja mume wangu alitazama pembeni kana kwamba simsemi mtu anayemfahamu. Mpiga picha alilalamika kwamba ameipoteza sura yake bora. Nikamwambia amepata kipindi kizima cha vichekesho kwa bei ya sura moja.

Nilianza na korosho, maana Nachingwea huwezi kuanza na kingine. Nikasema mkulima wa korosho ana mke mmoja kuanzia Februari hadi Septemba. Mnada wa kwanza ukipigwa Oktoba, ghafla anaikumbuka aya. Nikawachokoza wa kangomba, wanaonunua korosho kwa kificho kabla hazijafika chama cha msingi, kwamba hata salamu wanaitoa kwa kipimo pungufu. Kisha nikamgeukia binamu yangu, aliyekuwa ameketi upande wa kulia, amevaa shati jipya kwa ajili ya kamera.

"Huyu," nikasema, "msimu wa bei nzuri alinunua friji. Kijijini kwake umeme haujafika. Friji likawa kabati la nguo. Asubuhi akitaka shati anafungua mlango, anasubiri kwanza baridi itoke."

Ukumbi ukavunjika. Na binamu, kama ilivyo haki yake, akasimama. "Ni kweli nguo zangu zimo kwenye friji," akasema, "lakini ni zangu. Huyu gauni alilovaa amelikodi saluni, kesho saa nne linatakiwa." Ukumbi ukavunjika mara ya pili, kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, na mimi nikacheka mpaka nikashika stendi ya maiki. Alikuwa amenipiga na pigo lake lilikuwa safi. Gauni lilikuwa la kukodi kweli.

Baada ya hapo fundi sauti aliomba watu wanyamaze kabisa ili arekodi ukimya wa ukumbi, kitu wanachokihitaji wakati wa kuunganisha vipande. Watu zaidi ya mia walijitahidi kunyamaza mbele ya mchekeshaji. Jogoo wa jirani hakuwa ameelezwa. Alipowika, ukimya ukaisha, ikabidi tuanze upya.

Kisha akaomba kicheko cha akiba. Yaani watu wacheke bila kuambiwa kitu, ili kicheko hicho kikija kuhitajika mahali fulani kiwepo. Si jambo geni katika kazi hiyo. Marekani, miaka ya 1950, fundi wa sauti aliyeitwa Charley Douglass alitengeneza mashine yenye vicheko vya kila aina vilivyorekodiwa, ukibonyeza hapa wanacheka kidogo, ukibonyeza pale wanaangua, na vipindi vya televisheni vikachekewa na watu ambao hawakuwa wameviona. Lakini mama mmoja wa makamo wa Nachingwea hakuelewa. "Tucheke nini?" akauliza. "Chekeni tu, mama." Mama akawatazama wenzake, kisha akamtazama fundi. "Mwanangu, huku kwetu mtu anayecheka bila sababu anapelekwa hospitali. Tukifika huko tuseme nani katutuma?" Ukumbi mzima ukaangua. Fundi sauti alikuwa amewasha mtambo wake, akapata kicheko alichokitaka. Kicheko hicho kimo kwenye filamu, chini ya kichekesho changu. Cha mama hakimo.

Sikulielewa hilo siku ile kwa uzito wake. Nililielewa tulipofika Ruangwa.

Kati ya Ruangwa na Nachingwea kuna utani wa miji ambao hauhitaji ukabila. Nachingwea hujiona kaka mkubwa: tulikuwa na reli, tulikuwa na kambi ya FRELIMO, Samora Machel alifundisha wapiganaji wake hapa kabla Msumbiji haijapata uhuru mwaka 1975. Ruangwa nao wana ya kwao: aliyekuwa mbunge wao, Kassim Majaliwa, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025, Namungo, timu yao, walipanda Ligi Kuu, na mwaka 2020 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho wakafungwa na Simba mabao mawili kwa moja, na uwanja wanaochezea una jina la mbunge huyohuyo. Niliporekodiwa nyumbani kwa bibi nikasema kwamba Nachingwea tulipanda treni wakati Ruangwa hata baiskeli ilipita kwa kuuliza njia. Kutoka uani sauti ya jirani ikajibu, "Na hiyo reli yenu iko wapi? Mliikaanga na karanga?"

Mwongozaji akaniuliza kama nina kichekesho cha siasa, hasa kwa kuwa tuko Ruangwa. Nikamwambia ninavyo vya barabara, vya mbolea na vya bei ya mbaazi, na vyote vinaeleweka bila jina la mtu. Mwaka 2020 mchekeshaji Idris Sultan alishikiliwa na polisi baada ya kusambaa video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Mtani akikujibu anakujibu kwa mzaha. Mkubwa asiyekuwa mtani wako anaweza kukujibu kwa selo, na hapo mchezo wa zamu umekwisha kabla hujaanza. Hii haina maana kwamba mkubwa asichekwe. Maana yake ni kwamba unayemcheka mkubwa ufahamu kwamba uko nje ya utani, na upime.

Kisha akaniuliza nilijifunzia wapi kuchekesha. Nikajibu kweli: kwa bibi, kwa nyakanga, kwenye unyago. Watu wanaofikiri unyago ni mafunzo ya kununa hawajawahi kusikia akina mama wakiwa peke yao. Macho ya mwongozaji yakawaka. Aliujua mfano mmoja mzuri: Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, alipiga ngoma za unyago mbele ya dunia, na Andy Jones akatengeneza filamu ya makala kumhusu, As Old As My Tongue, mwaka 2006. Kama Bi Kidude aliweza, kwa nini bibi asiimbe mmoja tu?

Bibi ndiye aliyemjibu. Alisema Bi Kidude alikuwa mtu mzima mwenye ngoma zake, akaamua ampigie nani. "Hizi zetu si zangu peke yangu. Kuna waliomo humo ambao hawajaulizwa." Mwongozaji akaomba radhi, akawa muungwana. Jambo hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye fomu, lakini kutoka mdomoni kwa bibi lilikuwa na uzito mwingine.

Na bibi, alipoona kijana amesinyaa, akaona ni vibaya kumwacha mgeni hivyo. Akamgeukia mpiga picha, aliyekuwa amejikunyata nyuma ya kamera tangu asubuhi bila kusema neno.

"Na wewe unayejificha nyuma ya chombo, una mke?"

"Bado, bibi."

"Basi umepata. Weka chini hicho chombo ukateke maji, mumeo wa kwanza hakuwa mvivu namna hii." Alijichanganya kwa makusudi, mke akawa mume, na uani wote tukaangua. Kijana akanyanyua kichwa kutoka kwenye kamera kwa mara ya kwanza. "Bibi, mahari kiasi gani?" akauliza. Bibi akamtazama kuanzia viatuni. "Kwa mwanamume mwembamba namna hiyo, mahari utalipwa wewe."

Ilikuwa ndiyo dakika tamu kuliko zote za kazi ile. Tulipotulia, mwongozaji akasema kwa masikitiko kwamba haitatumika, kwa sababu mpiga picha amesikika, na kwa mtindo wa filamu yao anayepiga picha hasikiki wala haonekani.

Nilikaa na neno hilo njia nzima ya kurudi Nachingwea. Ndani ya filamu ile kila mtu angetaniwa: mimi, binamu, mkulima wa korosho, mji mzima. Aliyeshika kamera peke yake ndiye angekuwa mkwe.

Baada ya muda wakanitumia sehemu yangu, kama tulivyokubaliana. Niliitazama kwenye simu pamoja na mume wangu. Picha zilikuwa nzuri, sauti safi, na mimi nilionekana mwerevu. Nilisema friji, ukumbi ukacheka, nikaendelea na kingine. Binamu alionekana akicheka, basi. Jibu lake limekatwa. Sauti ya jirani wa bibi kuhusu reli imekatwa. Bibi na mpiga picha hawamo. Mume wangu akatazama hadi mwisho, akasema, "Mbona humu ndani wewe ni mkali kuliko ulivyo?"

Alikuwa ameona sawasawa. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopotoshwa. Maneno yote yalikuwa yangu na kicheko kilikuwa cha kweli. Ila bila majibu yao, utani ulikuwa umegeuka kejeli: mwanamke mwenye maiki anawasema watu maskini, nao wanacheka tu. Mtu wa Dar es Salaam akiitazama atamcheka binamu yangu, mshamba aliyenunua friji bila umeme. Hatajua kwamba binamu ndiye aliyeshinda siku ile.

Nikampigia mwongozaji. Aliniita dada, nami nikamwita mdogo wangu, na mazungumzo yakawa marefu bila ugomvi. Hoja zake zilikuwa za haki. Filamu ina wachekeshaji wengi na muda ni mfupi. Jibu la binamu linavunja mwendo. Mtazamaji hajui binamu ni nani na kwa nini anaruhusiwa kumkatiza mtu jukwaani. Nikamwambia, huyo mtazamaji akiona binamu anasimama na mimi nacheka, atajua bila kuelezwa. Na kuhusu mpiga picha, nikamwambia kama filamu inataka kuonyesha kichekesho cha Kusini kinavyofanya kazi, basi kinafanya kazi hivyo: ukiingia uani kwa bibi na kamera yako, umeingia kwenye zamu.

Akanyamaza, akasema atajaribu. Filamu ilipokamilika, jibu la binamu lilikuwemo, na bibi alikuwemo, pamoja na sauti ya kijana ikiuliza mahari. Katika maonyesho ya Dar es Salaam, bibi ndiye aliyeangusha ukumbi. Kuna waliocheka lafudhi yetu pia, niliwasikia wawili nyuma yangu wakiigiza "njomba, njomba". Hilo filamu haiwezi kulizuia. Lakini baada ya lile la mahari hata hao walinyamaza kuiga, wakawa wanamsubiri bibi aseme tena.

Vijana wanaoanza kuchekesha huku kwetu huja kuniuliza wafanye nini wakifuatwa na kamera. Nawaambia wasome fomu mpaka mwisho na waandike wanachokitaka kwa kalamu yao, maana karatasi iliyochapwa si msahafu. Waombe kuona kabla haijatoka. Wajue nani ameketi safu ya mbele na kwa nini. Cha watu wengi, kama unyago, wasikitoe kwa idhini ya mtu mmoja. Na wakitazama kazi yao wasijihesabie vicheko walivyopata, watafute kama waliowataja walipata nafasi ya kusema. Simu imerahisisha kukata: kijana anamrekodi jirani yake, anabaki na sehemu inayomchekesha yeye, anaitupa mtandaoni, na jirani anachekwa na watu wa Mwanza na Mombasa akiwa shambani anapulizia salfa. Hapo hakuna utani, hata kama wote mnatoka kijiji kimoja.

Tulipoionyesha filamu Nachingwea, kwa projekta iliyoelekezwa kwenye ukuta mweupe, watu hawakutazama kimya kama Dar es Salaam. Waliijibu. Kila kichekesho kilipita kikifuatwa na maoni ya benchi zima. Ilipofika sehemu ya friji, binamu hakusubiri jibu lake la kwenye filamu. Aliinuka, akaenda kusimama mbele ya mwanga, kivuli chake kikanifunika mimi niliyekuwa ukutani kuanzia kichwa hadi magoti.

"Mnaliona hilo gauni?" akauliza umati. "Mwenye nalo yupo hapa leo. Muulizeni kama alishalipwa."

Kutoka nyuma, mwenye saluni akapaza sauti: "Bado!"

Deni nimelilipa. Na siku hizi nikifanya kazi mahali penye binamu, shemeji au mtani wa aina yoyote, namwachia maiki mwenyewe kabla hajaidai, kwa sababu nimeona kipindi kinavyonoga akiipata na kinavyochacha akinyimwa. Binamu yangu amelichukua jambo hili kibiashara. Anadai nusu ya malipo ya kila shughuli ninayomtaja, kwa hoja kwamba bila yeye ningekuwa mwanamke anayeongea peke yake barabarani. Hoja yake haina dosari. Nampa robo.